Ngoma ya Wachina na Viti vya Parokia

Sofa ya maman haipiti mlangoni mpaka uilaze ubavu. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, nikalisahau, nikalikumbuka mwezi uliopita alipofariki na ikabidi mimi, mtoto wake wa pekee, niitoe sebuleni ili watu wa kilio wapate pa kukaa. Binamu zangu wawili walishika chini, mimi nikashika juu, na mguu wa sofa ukapita palepale penye mkwaruzo uliopo kwenye fremu ya mlango tangu siku ilipotolewa mara ya kwanza. Fremu imepakwa rangi mara tatu na mkwaruzo bado unaonekana. Nikakwama hapo na sofa mikononi, binamu zangu wananipigia kelele nisogee.

Tulipoifikisha koridoni, mto wa upande aliokuwa akikaa yeye ulianguka, na chini yake kulikuwa na kitabu chake cha sala. Ndani ya kitabu, katikati ya picha za watakatifu na kadi za marehemu, nilikuta kijitabu chekundu kilichokunjwa mara mbili. Juu yake kuna mwanamke wa Kichina aliyevaa nyeupe, mikono ya nguo yake mirefu inaburuta chini kama kikwembe cha kujifunga kilichofunguka. Sikuhitaji kukisoma. Nilikinusa. Nilisikia pipi ya mnanaa, ingawa najua karatasi haiwezi kutunza harufu ya pipi miaka yote hiyo.

Nyinyi mliokulia Bruseli kama mimi, na wazazi wa Kivu, utaratibu wa kilio mnaujua. Wengine niwaeleze kidogo. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwenye simu, wala hapewi akiwa peke yake. Simu ikitoka Bukavu inapigwa kwa mkubwa wa familia aliyeko huku. Mkubwa anawaita wenzake, wanahakikisha mfiwa hayuko nyumbani, wanapata ufunguo, wanaingia. Sofa inatoka. Viti vinapangwa ukutani, katikati panabaki patupu. Picha ya marehemu inawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Halafu watu wanakaa, wanamngojea mwenye nyumba arudi, na hata akirudi haambiwi kwa mkupuo. Anaambiwa fulani aliugua. Kisha anaambiwa hali ilikuwa mbaya. Kisha neno lenyewe, akiwa amezungukwa na mikono ya kumdaka. Ni utaratibu wa huruma, siupingi. Ila siku ile sofa ilipotolewa mara ya kwanza, walisahau kitu kimoja. Mfiwa alikuwa mbali, kazini, lakini mtoto wake alikuwa palepale sebuleni na pijama, anawaangalia wakipanga.

Papa alikuwa Bukavu. Maman na mimi tulitangulia, yeye akabaki kungojea karatasi, na neno "karatasi" lilikuwa chakula chetu cha kila siku. Karatasi zimepelekwa. Karatasi zimerudishwa, kuna muhuri umekosekana. Karatasi zimekubaliwa, zimebaki mambo madogo. Maman alishamnunulia koti la baridi, la rangi ya kahawa, likining'inia nyuma ya mlango wa chumba na kipande cha karatasi cha dukani bado kwenye kifungo. Jioni nilikuwa naingia ndani ya lile koti na kujifunga, naongea kwa sauti nzito, na maman anacheka mpaka anajifuta macho. Tulikuwa tunaishi karibu na Gare du Nord. Kila treni iliyopita nilikuwa nasema ndiyo hiyo, imemleta.

Jumapili hiyo maman alikuwa kazini tangu alfajiri, katika nyumba ya wazee huko Woluwe-Saint-Lambert. Aliwaosha wazee wa watu, akawavalisha, akawalisha. Mimi nililala chini, ghorofa ya kwanza, kwa Tonton Déo, kaka mkubwa wa papa, na mke wake Maman Charlotte. Asubuhi Maman Charlotte alinipandisha kwetu anivalishe, na nilipokuwa natafuta soksi nikasikia ngazi zinalia. Tonton Déo na wanaume wawili wa parokia walikuwa wanapandisha viti. Viti vya kukunja, vya mbao, vyenye herufi za parokia mgongoni. Waliilaza sofa ubavu, wakaitoa, ikakwaruza mlango, na Tonton, mtu ambaye angegombana na mtu kwa sababu ya tone la chai kwenye zulia, hakusema neno.

Maman Charlotte alitoa picha ya papa ukutani, akaifuta kwa ncha ya kikwembe, akaifuta tena, akaiweka mezani. Papa amevaa tai, anacheka upande mmoja. Pembeni akaweka mshumaa ambao haujawashwa. Mimi niliviangalia viti, nikaiangalia picha, nikawaza nani huletewa viti vingi hivi. Moyo ukaanza kunienda mbio kwa furaha.

"Maman Charlotte, papa anakuya leo?"

Aligeuka akaniangalia. Hadi leo nikifumba macho ninauona ule uso.

"Ni mambo ya papa yako, ndiyo," alisema. "Lakini usimwambie maman kintu. Unasikia? Tonton njo atamwambia. Apana weye."

"Ni surprise?"

Alinifunga viatu, akakaza kamba mno, nikamwambia zinauma, akazifungua na kuzifunga upya. Wala simlaumu. Alikuwa amepewa kazi ya kuninyamazisha, na mtoto anayetabasamu ananyamazishwa kwa urahisi kuliko anayelia.

Halafu akaja Masœur Godelieve. Huyu alikuwa mtawa wa Kiflamandi, mrefu, mwenye magoti mabovu, aliyekaa Bukavu nusu ya maisha yake na kumfundisha maman kushona alipokuwa msichana. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi na watawa wenzake wazee karibu na kazini kwa maman. Alikuwa na tiketi tatu za onyesho la Wachina, mchezo mzima wa kucheza bila maneno, na alikuwa ameahidi kutupeleka tangu zamani. Tonton Déo alimpigia simu asubuhi ile na kumwomba asiahirishe. Alipofika mlangoni akaiona picha mezani, akapiga ishara ya msalaba.

"Niwarudishe saa ngapi, Déo?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kimenyooka kuliko chetu.

"À dix-sept heures, masœur. Mbele ya ile, bantu bote hawatakuwa wamefika."

"Saa kumi na moja, basi. Mungu anisamehe."

Sikujua anaomba asamehewe nini. Aliniwekea pipi ya mnanaa mkononi, akanishika mkono, tukatoka.

Maman alitukuta mbele ya ukumbi, amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake imo kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amechoka lakini amejipaka rangi ya mdomo. Alikuwa na furaha, hilo nalikumbuka na linanikata, maana ni mara ya mwisho ninayoweza kuitaja bila kusita. Alimshukuru masœur mara tatu. Alisema tangu afike Ulaya hajawahi kukaa kwenye kiti cha aina ile, chekundu, chenye kukufyonza. Mimi nilikaa katikati. Siri ilinijaa mdomoni pamoja na pipi.

Taa zikazimika, ngoma zikaanza, na mbele yetu ukatokea mji wa zamani wa Uchina. Niliuamini papo hapo. Watu walikuwa wanapita na sinia vichwani, na miavuli ya karatasi, na vikapu, wanapishana bila kugongana, kinyozi ananyoa mtu akiwa anacheza, muuza chai anamimina kutoka mbali bila kumwaga. Nilimwambia maman kwa sauti, "Ni Kadutu!" Watu wa mbele wakageuka. Maman akaniziba mdomo, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka, kwa sababu kweli lilikuwa soko la Kadutu, lile la Bukavu, limekosa matope tu.

Kulikuwa na fundi wa taa za karatasi na msichana muuza sindano na nyuzi. Walipendana kwa kuzungukana, taa ikiwa katikati yao, na mmoja akikaribia mwingine anarudi nyuma, mpaka nikachoka nikasema washikane mikono tu yaishe. Wakashikana. Wakaoana, mji wote ukacheza. Kisha wakaja askari, wakawachukua wanaume kwenda kulinda mipaka, na fundi akaenda nao amebeba taa moja. Msichana akabaki darajani. Mikono ya nguo yake ikawa mirefu kila akirudi, ndivyo nilivyoona mimi, akiirusha inafunguka hewani na inarudi bila kushika kitu. Nyumba za mji zilifungua madirisha, zikafunga, zikafungua, na hivyo miaka ikapita. Maman aliacha kucheka. Alikuwa amekaa mbele ya kiti, mkono kwenye shavu.

Hapo ndipo akaingia mjumbe na furushi. Alilipeleka kwa muuza chai, mzee wa mtaa. Muuza chai akalifungua kidogo, tukaona mbao za taa iliyovunjika, akalifunga haraka. Akampa kinyozi. Kinyozi akampa mwenye miavuli. Furushi likapita mkono kwa mkono nyuma ya mgongo wa yule mwanamke, mji mzima ukilizungusha, kila mtu akimkaribia ili ampe na kila mtu akishindwa, na yeye katikati anacheza, hajui.

Mimi nilifurahi sana. Niliona wanamfichia zawadi. Niliona ni viti vyetu vya parokia hasa, ni siri yetu, na karibu nipige makofi.

"Maskini," maman alisema polepole. "Banamuficha."

Masœur Godelieve alikuwa amemshika maman mkono tangu askari walipoingia. Aliuondoa mkono wake, akautia mfukoni, akatafuta pipi, hakuipata.

Mwisho ulikuwa sikukuu ya taa. Mji ukajaa taa nyekundu, na katikati ya watu akaja fundi. Amerudi! Alikuwa amevaa nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mwanamke naye akavaa nyeupe, wakacheza wawili wakapita darajani mpaka kwenye giza. Kitu kimoja tu kilinichukiza. Hakuna mtu sokoni aliyemsalimia. Alipita kati yao, wakaendelea na sinia zao. Mtu anatoka safari ya mbali namna ile na hata muuza chai hamwangalii!

Taa za ukumbi zilipowaka maman alikuwa analia, lakini kilio cha kawaida, cha mtu aliyeona kitu kizuri. Alikuwa na kijitabu chekundu cha onyesho magotini.

"Masœur, juu ya nini balivaa nyeupe bote wawili? Ni ndoa tena?"

Masœur alikuwa ameshakisoma, nilimwona anakisoma kabla ya taa kuzimika. Alianza kuvaa koti lake, tundu la mkono likawa halionekani.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Haraka, tutakosa basi."

Basi lilikuwa limejaa. Masœur alipata kiti mbele karibu na dereva, kwa ajili ya magoti yake, na maman na mimi tukapata nyuma. Nje kulishaanza kuwa na giza, mvua ile ya hapa isiyoamua kunyesha wala kuacha. Niliweka kichwa kwenye bega la maman, na yeye akawa anapitisha vidole kwenye misuko yangu. Mdomo uliniwasha. Nilijaribu kujizuia, nawaapia. Nilihesabu vituo viwili.

"Maman, nikuambie kintu?"

"Sema."

"Lakini Tonton alikataza."

"Basi kama alikataza usiseme."

Nimelirudia jibu lile mara ngapi kichwani! Alinifungulia mlango nitoke, na mimi nikabaki ndani.

"Papa iko ku nyumba."

Alicheka. "Papa iko Bukavu, mutoto. Si tuliongea naye juzi?"

"Alifika. Banatengeneza nyumba juu yake. Tonton alileta biti ya parokia, mingi, na sofa balitosha inje."

Vidole vyake vikasimama kwenye nywele zangu.

"Biti balipanga namna gani?"

"Ku ukuta. Yote. Katikati hakuna kintu."

"Na foto ya papa?"

"Iko ku meza. Maman Charlotte aliipanguza, aliweka na kitambaa ya nyeupe. Na bougie."

"Bougie inawaka?"

"Apana. Bado."

Maman aliinua kichwa akaangalia mbele ya basi. Niliangalia na mimi. Masœur Godelieve alikuwa ametupa mgongo, ameinama, shela yake ya kijivu inatingishika na basi. Maman aliuangalia mgongo ule kwa muda mrefu. Mimi nilidhani anamtafutia neno la asante.

"Unafurahi, maman?"

"Ninafurahi," alisema. "Ninafurahi sana."

"Atavaa koti yake?"

"Atavaa."

"Itamuenea?"

"Itamuenea. Ni mikono tu labda itakuwa mirefu kidogo." Aliweka mkono wake juu ya wangu. "Bon. Uniambie tena ile ya Wachina. Yote, tangu mwanzo. Nilikuwa nasinzia mule, sikuona muzuri."

Nikamwambia. Mtoto hakuna kazi anayoipenda kuliko hiyo. Nilimwambia soko, sindano, taa, askari, furushi la zawadi, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, na kadiri nilivyoendelea ulikuwa unakaza, mpaka nikasema, "Maman, unaniumiza." Akauachia. "Pardon," alisema, kama unavyomwambia mtu usiyemjua. "Endelea."

"Basi akarudi."

"Akarudi?"

"Akarudi! Si uliona? Lakini bantu ya ule muji haina adabu. Hakuna mwenye alimusalimia."

"Labda hawakumwona."

"Alikuwa mbele yabo, maman!"

"Eeh," alisema. "Ni kweli. Alikuwa mbele yabo."

Tulishuka. Masœur alitembea mbele, polepole, hakugeuka. Kwenye mlango wa jengo maman alichuchumaa, akanifunga skafu upya ingawa tulikuwa tumeshafika, na uso wake ulikuwa karibu na wangu, rangi ya mdomo imeisha.

"Tonton akiuliza, weye ulilala ku bus. Tangu tunapanda mpaka tunashuka. Unasikia? Hukuniambia kintu."

"Ndiyo, maman." Nilidhani ananiokoa na hasira za Tonton.

Tukapanda. Kwenye ngazi kulikuwa na viatu vya watu wengi na kimya. Nilitegemea muziki. Mlango ukafunguka, na ukutani pote walikuwa wamekaa watu, kina maman wamefunga vikwembe kiunoni, na katikati patupu, na papa mezani anacheka upande mmoja. Tonton Déo alisimama.

"Maman, ingia. Kaa chini kwanza."

Maman akakaa. Sasa hapa ndipo ninapowaomba mnielewe. Alikaa kwenye kiti cha parokia, akaweka mfuko wake wa plastiki magotini, akamwinulia Tonton uso wa mtu asiyejua lolote.

"Kuko nini, Tonton? Bantu bote hii?"

"Bon. Unajua papa ya mutoto, hii siku tatu, alikuwa anagonjwa."

"Anagonjwa nini?" aliuliza maman. "Hakuniambia."

"Homa. Donc, balimupeleka ku hospitali."

"Ku hospitali gani?"

Aliuliza kila swali ambalo angeuliza. Alimwachia mzee apande ngazi zake moja baada ya nyingine, bila kumruka hata moja. Na Tonton alipofikia lile neno, maman akapiga ukelele ambao sijausikia tena duniani, na wale kina maman wakamdaka, kama utaratibu ulivyotaka. Mshumaa ukawashwa.

Mimi nilikimbilia chumbani kumtafuta papa. Niliangalia chini ya kitanda. Niliangalia jikoni, chooni, kwenye balkoni. Koti lilikuwa bado nyuma ya mlango na karatasi yake kwenye kifungo. Walinishika, wakaniambia papa amekufa Bukavu, na mimi nikakataa katakata. Akili yangu ilijitengenezea habari yake. Papa alifika kweli, ndiyo maana waliweka viti. Alikaa, akatungojea, hakuna aliyemsalimia, na sisi tulikuwa kwa Wachina. Tulipochelewa akaenda zake, bila koti, na baridi ile. Nilimkasirikia Masœur Godelieve kwa kutupeleka. Alipokuja kutuona siku za kilio, na pipi zake, niligeukia ukuta. Nikaendelea hivyo miaka. Alikufa yule mama wa watu sijampa mkono, na hakuwahi kunilalamikia kwa maman. Ninaona aibu mpaka leo.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuelewa. Kulikuwa na msiba Ixelles, katika nyumba ya juu ya Galerie, ule ujia wa maduka, kaka wa rafiki yangu amefia Uvira. Tonton Déo, mzee sasa, anatembea na fimbo, ndiye aliyekuwa anaongoza. Aliniona nimesimama tu.

"Weye, usisimame bure. Panga biti ku ukuta."

Nikachukua cha kwanza, nikapanga. Cha pili. Cha tatu kilibaki mikononi mwangu. *Biti balipanga namna gani?* Nilimsikia kabisa, sikioni, na harufu ya basi lenye makoti mabichi. Aliuliza viti. Aliuliza picha. Aliuliza mshumaa kama unawaka. Hakuna mtu wa Kivu anayeuliza hayo matatu halafu akabaki na swali. Mimi ndiye niliyempa maman habari. Mimi, kwenye kiti cha nyuma, na meno mawili yameng'oka, natabasamu, bila mkono hata mmoja wa kumdaka. Na yeye akaniomba nimsimulie hadithi ili nisimwone usoni.

Nilikwenda kwake usiku uleule. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Maman, siku ile, ku bus. Ulijua."

Hakuinua macho.

"Nilijua nini? Mimi nilijulia humu, ku kinywa ya Tonton Déo, mbele ya bantu bote."

"Maman, mimi nilikuambia. Nakumbuka."

"Weye ulilala ku bus," alisema. "Tangu tunapanda mpaka tunashuka. Nilikubeba ku ngazi, ulikuwa muzito." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Kula kwanza, umekonda."

Nilimuuliza tena mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili nililala kwenye basi. Mara ya pili nilipandisha sauti, nikalia, nikasema nina haki ya kujua. Aliniambia nimeanza kuwa kama Wazungu, kuchimbua kila kitu. Nikaacha. Nilidhani amesahau kweli, na kwamba labda mimi ndiye niliyejitungia.

Mwisho wake ulikuwa hospitali, kulekule Woluwe, si mbali na nyumba ya wazee aliyoifanyia kazi mpaka mgongo ukakataa. Siku tatu kabla hajaondoka alikuwa ameacha kula na haongei, isipokuwa maji na asante. Nilikuwa nimekaa pembeni yake mchana, dirishani mvua, vidole vyangu kwenye nywele zake zilizobaki. Akafungua macho. Akaniangalia vizuri, alikuwa na akili zake zote, mtu asiniambie hakuwa nazo.

"Uniambie tena ile ya Wachina," alisema.

Vidole vyangu vikasimama kwenye nywele zake.

"Yote," alisema. "Tangu mwanzo."

Nikamwambia. Nilimwambia soko la Kadutu lisilo na matope, kinyozi, muuza chai. Nilimwambia sindano na nyuzi, na taa katikati yao, na askari. Nilipofika kwenye furushi nikalipitisha mkono kwa mkono mpaka likaisha. Nikafika darajani. Nikaishia hapo, kwa sababu siku hizi najua kwa nini walivaa nyeupe: kwa Wachina ni rangi ya wafu na msiba.

"Akarudi?" aliuliza maman.

"Akarudi."

Mkono wake ukatafuta wangu juu ya shuka, ukaupata, ukaukaza kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo.

"Balimusalimia?"

"Balimusalimia, maman," nilisema. "Bote."

"Bon," alisema, na akafumba macho.